Babu wa babu yake mama mkwe alipelekwa Tasmania akiwa mfungwa: nianzie wapi kumtafuta?

BintiMkwe

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote, na wazee shikamooni.

Ninaishi Hobart, katika jimbo la Tasmania nchini Australia, ambako nimeolewa. Mama mkwe wangu, ambaye ametimiza miaka 81, ameniomba nimsaidie kumtafuta babu wa babu yake, mtu ambaye katika ukoo wao amesimuliwa siku zote kuwa ni baharia wa Kiingereza aliyeshuka melini kwa hiari yake, akaipenda nchi na kuoa hapa hapa. Mwezi uliopita tulifungua Biblia ya ukoo. Ndani ya jalada, mahali ambapo watu wa zamani waliandika ndoa na vizazi vyao, mstari wa kwanza umekatwa kwa mkasi, kwa unadhifu kabisa, na umeacha tundu refu lenye upana wa kidole. Mstari wa pili haukuguswa, nao unataja ndoa iliyofungwa Launceston, mji mwingine wa hapa Tasmania, mwaka 1849, pamoja na majina ya bwana na bibi arusi. Mama mkwe aliutazama ukurasa ule kwa muda, kisha akasema kwamba mtu hachukui mkasi kwa ajili ya kuficha ubaharia.

Kikwazo changu ni jina. Jina lake la ukoo ni Smith, yaani mhunzi, na inaelekea kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na mhunzi wake, kwa sababu nilipolitafuta katika faharasa ya majina ya Tasmania nilipata watu wengi mno hata nikaifunga kompyuta. Kwenye tovuti moja ya kulipia nimeona mti wa ukoo uliowekwa na mtu nisiyemjua, ambao unamtaja babu huyu kuwa mwizi wa farasi kutoka Yorkshire, lakini haukuambatanishwa na waraka hata mmoja. Nimepata pia kumbukumbu ya kifo chake, kwani alifia hapa hapa Tasmania mwaka 1878 akiwa na miaka 58, lakini kumbukumbu hiyo haitaji wazazi wake wala mahali alipozaliwa. Jina la bibi arusi, kwa bahati, ni la nadra sana.

Naomba mniongoze katika mambo mawili. Kwanza, je, nianzie Uingereza kwenye kumbukumbu za mahakama, au nianzie huku? Pili, nikimpata Smith mmoja miongoni mwa hao wote, nitajuaje kwamba huyo ndiye wetu?

MzeeKabrasha

Marahaba, binti yangu. Maswali yako yote mawili yana jibu moja, na jibu hilo ni meli.

Wengi wanaoingia katika kazi hii huvutwa kwanza na kosa. Wanataka kujua mtu wao aliiba nini na alimwibia nani, basi wanakimbilia mahakama za Uingereza na kurudi na mtu mwenye jina lile lile ambaye si wao. Wewe anzia kaburini urudi nyuma, hatua moja moja, na usivuke bahari mpaka umejua ni meli gani iliyomleta. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na zaidi ya 70,000 kati yao waliletwa hapo kisiwani ulipo, wakati kisiwa chenyewe bado kinaitwa Van Diemen's Land. Katika umati kama huo makarani wa serikali walihitaji namna ya kuwatofautisha watu, na namna waliyoichagua ni kuandika jina la mtu pamoja na jina la meli aliyokuja nayo. Kwa karani wa koloni hapakuwa na Smith peke yake. Palikuwa na Smith wa meli fulani. Jina la meli lilimfuata mfungwa kama kivuli: liliandikwa kwenye kibali chake cha kujitafutia kazi, kwenye ombi lake la kuoa, kwenye tangazo la gazeti alipotoroka, hospitalini alipougua, na mara nyingine hata kwenye kitabu cha maziko. Tasmania waliongeza namba ya polisi, ambayo kila mfungwa alipewa ya kwake. Ukiwa na meli, Smith mia watabaki wawili au watatu, na hiyo namba itamaliza ubishi.

Sasa, meli utaipata wapi? Una ndoa ya mwaka 1849, nayo ni hazina kuliko unavyodhani. Mfungwa ambaye hakuwa amemaliza adhabu yake hakuruhusiwa kuoa bila idhini ya gavana, hata kama alikuwa tayari anaishi nje na kujitegemea. Maombi hayo yaliandikwa katika madaftari maalumu, na ya miaka unayoitafuta yamo katika mfululizo wenye namba ya kumbukumbu CON 52. Kila mstari una majina ya wote wawili, na kando ya kila jina pameandikwa meli, au neno la kuonyesha kwamba mtu huyo ni huru. Usimtafute Smith katika madaftari hayo. Mtafute bibi arusi, kwa kuwa jina lake ni la nadra, naye atakushika mkono na kukupeleka kwa mumewe.

Ukishaipata meli, fungua daftari la mwenendo wa mfungwa. Kama alifika kuanzia mwaka 1840 na kuendelea, chini ya utaratibu wa muda wa majaribio, atakuwamo katika CON 33; waliotangulia wamo katika CON 31; na wanawake wana madaftari yao, CON 40 na CON 41. Yote haya yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni na maktaba ya jimbo lenu, Libraries Tasmania, na huhitaji kulipa hata senti.

Ikiwa hutaona ombi la ndoa, usikimbilie kusema kwamba basi alikuwa baharia kweli. Huenda alikuwa amekwisha kumaliza kifungo au kusamehewa kabla ya 1849, na mtu wa namna hiyo hakuomba ruhusa ya yeyote.

Kuhusu kumbukumbu ya kifo, usiilaumu sana. Tasmania ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mapema, mwaka 1838, lakini uandikishaji wake ni wa kibahili, na kwa miaka mingi haukujali wazazi wa marehemu. Victoria walikuwa kinyume chake: tangu mwaka 1853 waliuliza majina ya wazazi, mahali pa kuzaliwa, miaka ambayo marehemu aliishi katika koloni, ndoa zake na watoto wake. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1851, watu wa Tasmania walivuka mlango wa bahari wa Bass kwa maelfu, na wafungwa wa zamani walikuwamo, ijapokuwa Victoria ilitunga sheria mwaka 1852 ya kuwazuia wale waliokuwa na msamaha wenye masharti. Babu yako alifia Tasmania, ndiyo, lakini chunguza kama watoto wake wote walibaki.

Mtafiti_Perth

Mzee ameeleza vizuri, nami naongeza machache kwa faida ya wasomaji wengine ambao babu zao hawakupelekwa Tasmania, kwa sababu kila koloni lina kabrasha zake.

New South Wales ilipokea wafungwa tangu meli 11 za msafara wa kwanza zilipofika Januari 1788, na upelekaji wa kawaida ulikomeshwa mwaka 1840. Huko utatafuta orodha za mapokezi ya kila meli, vibali, hati za kumaliza kifungo na hati za msamaha, ambazo zinahifadhiwa na makavazi ya jimbo. Orodha za miaka ya mwanzo ni fupi mno, jina na adhabu basi, lakini zile za miaka ya 1830 zinakupa dini, kazi, urefu, makovu na hata kama mtu alikuwa anasoma au kuandika. Uandikishaji wa kiraia kule ulianza mwaka 1856 tu, kwa hiyo kabla ya hapo tegemeo lako ni vitabu vya makanisa. Huku kwetu Australia Magharibi wafungwa walikuja kwa kuchelewa, kuanzia 1850 hadi meli ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle Januari 1868. Walikuwa wanaume peke yao, chini kidogo ya 10,000. Ukikuta mtu anadai kuwa bibi yake aliletwa Perth akiwa mfungwa, muulize tena.

Wenye asili ya Ireland wajiandae kwa pengo: madaftari ya uhamisho ya kabla ya mwaka 1836 yaliteketea Dublin mwaka 1922, majengo ya Four Courts yalipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kilichonusurika ni maombi ya huruma ya wafungwa na familia zao, na hayo yana maneno ya watu wenyewe, jambo ambalo daftari halikupi. Wala si wafungwa wote waliotoka visiwa vya Uingereza. Mahakama za Rasi ya Tumaini Jema, yaani Afrika Kusini ya leo, na za Mauritius nazo zilipeleka watu Australia. David Stuurman, kiongozi wa Wakhoikhoi aliyetoroka Kisiwa cha Robben mara mbili, alifikishwa Sydney mwaka 1823 na kufia huko mwaka 1830.

Dada BintiMkwe, huo mti wa ukoo wa mwizi wa farasi uache hapo hapo ulipo. Mimi nilipoteza miaka miwili kwa mti kama huo. Nilimpokea mtu mwenye jina la babu wa mke wangu, aliyehukumiwa mwaka ule ule na kufika mwezi mmoja tu baada yake, nikamjengea wazazi, ndugu na kijiji. Siku nilipolinganisha maelezo ya mwili nikakuta mmoja ana urefu wa futi 5 na inchi 2, na mwingine futi 5 na inchi 9. Mtu mzima hupungua uzito, hubadilisha jina, hata dini, lakini inchi 7 hazitoki mahali popote. Nilikuwa nimewapokea ndugu za watu.

BintiMkwe

Mzee wangu na kaka yangu wa Perth, nimerudi na habari.

Nilimtafuta bibi arusi kama nilivyoelekezwa, na mstari wenyewe nimeupata katika dakika zisizozidi kumi. Upande mmoja lipo jina lake, na kando yake pameandikwa kwamba ni mtu huru. Upande wa pili yupo Smith, na jina la meli iliyofika Hobart mwaka 1842. Sitaitaja meli hapa, kwa kuwa ndugu wengine wa mume wangu hawajaambiwa. Kutoka hapo nilifungua CON 33, na katika meli ile walikuwamo Smith watatu, lakini mmoja tu ndiye mwenye jina la kwanza la babu yetu. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipofika. Hesabu inakubaliana na miaka 29 aliyoandikiwa siku ya ndoa na miaka 58 ya kifo chake.

Ukurasa wake ni fomu iliyochapishwa vichwa vya habari na kujazwa kwa mkono, na sehemu ya juu nimeisoma bila shida. Alihukumiwa Warwick, Uingereza, mwaka 1841, miaka 10, kwa kuiba kondoo mmoja. Kazi yake kibarua wa shamba. Urefu wake futi 5 na inchi 4. Anasoma, haandiki, na kweli katika kitabu cha kanisa cha mwaka 1849 ametia alama ya msalaba badala ya sahihi. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, na kwenye mkono wa kulia tatuu ya nanga pamoja na herufi mbili. Mama mkwe alipoona nanga alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii, akasema kwamba huenda ubaharia wote ulitokana na mchoro huo. Kisha akauliza, "Kondoo mmoja?" Akarudia swali hilo jioni, wakati wa kula.

Sehemu ya chini ndiyo inayonishinda. Mwandiko umebanwa, mistari inapandiana, na kuna vifupisho nisivyovielewa: T.L. pamoja na tarehe ya 1848, na C.P. pamoja na tarehe ya 1850. Nimefaulu kusoma kwamba mara moja alifungiwa siku saba peke yake kwa sababu ya kutoonekana kazini, na mara nyingine aliadhibiwa kwa kumtolea msimamizi maneno ya ukaidi.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi. Kwenye sehemu ya hali ya ndoa pameandikwa kwamba ameoa na ana watoto 2. Kitabu cha kanisa cha 1849 kinamwita mgane. Je, mke wa Warwickshire alikufa, au babu yetu alioa wake wawili?

MzeeKabrasha

Hongera, binti. Umefanya kwa siku nne kazi ambayo zamani ilihitaji barua na miezi ya kungoja.

Vifupisho si vigumu. T.L. (ticket of leave) ni kile kibali cha kujitafutia kazi nilichokutajia, ambacho kilimruhusu mfungwa kufanya kazi kwa mshahara kwa mtu amtakaye, ilimradi abaki katika wilaya aliyopangiwa na ajionyeshe kwa polisi kwa nyakati maalumu. C.P. (conditional pardon) ni msamaha wenye masharti, na sharti lake kuu lilikuwa asirudi Uingereza kabla muda wa adhabu yake haujaisha. Kabla ya hapo alipitia kikosi cha kazi za serikali, kisha akawa mwenye pasi ya kuajiriwa. Kwa kiwango cha daftari lile, makosa mawili madogo katika miaka minane ni mwenendo wa mtu mtulivu. Nimeona kurasa zilizojaa mpaka karani akaendelea kuandika pembeni.

Usishangae juu ya kondoo. Angeiba kondoo huyo huyo miaka kumi mapema angeweza kuhukumiwa kunyongwa, kwa sababu adhabu ya kifo kwa wizi wa mifugo haikufutwa mpaka mwaka 1832.

Sasa tuje kwa mke. Maskini wa Uingereza wa wakati ule hakuwa na talaka. Kabla ya sheria ya mwaka 1857, kuvunja ndoa kabisa na kuoa tena kulihitaji sheria ya Bunge kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, na gharama yake ilikuwa ya matajiri. Hata hivyo palikuwapo kifungu katika sheria ya ndoa mbili kilichosema kwamba mtu hataadhibiwa ikiwa mwenzake amekuwa mbali naye kwa miaka saba mfululizo na hana habari kwamba yu hai. Watu wengi walikichukua kifungu hicho kana kwamba kinavunja ndoa, jambo ambalo hakikulifanya. Angalia tarehe zako: hukumu 1841, ndoa 1849. Miaka saba ilikuwa imepita. Kwa upande mwingine, serikali ya koloni ilikuwa na yale maelezo ya siku ya kuwasili, na mfungwa aliyejiandikisha kuwa ameoa kwa kawaida alidaiwa uthibitisho kwamba mkewe alikufa. Uthibitisho huo mara nyingi ulikuwa barua tu kutoka nyumbani. Barua nyingine zilikuwa za kweli, na nyingine, tuseme, zilifika kwa wakati mwafaka mno.

Kwa hiyo sasa ndipo unapovuka bahari. Usianze na mahakama bado. Fungua kwanza CON 14, orodha za mapokezi za miaka ile, kwa sababu hapo karani aliandika majina ya jamaa aliowaacha mfungwa na mahali walipoishi. Utakuta herufi N.P. (native place), ambazo zinamaanisha mahali alikozaliwa. Kama jina la mke na la kijiji yamo, Smith wako hatakuwa tena Smith wa Warwickshire nzima, bali wa parokia moja.

Ukishalipata hilo, kuna sensa mbili za kukusaidia. Ya kwanza ilifanyika tarehe 6 Juni 1841, nayo ni ya kutumiwa kwa tahadhari: haisemi uhusiano wa watu wanaokaa nyumba moja, na umri wa watu wazima umeshushwa hadi kwenye tano au kumi iliyo karibu. Yeye mwenyewe usimtafute katika nyumba ile. Huenda wakati huo alikuwa gerezani, au katika mojawapo ya meli kuukuu zilizotumiwa kama magereza. Mtafute mama na watoto wawili. Ya pili, ya tarehe 30 Machi 1851, inataja umri kamili, parokia ya kuzaliwa, uhusiano, na kama mtu ana mume au ni mjane. Usiposikia habari za mke huyo mwaka 1851, tafuta faharasa za vifo vya Uingereza, ambazo zinaanzia Julai 1837.

Halafu, kwa nafasi yako, tafuta kesi yenyewe. Madaftari ya uhamisho yaliyoko katika makavazi ya taifa huko Kew, London, yenye namba HO 11, yatakupa meli, mahakama na urefu wa adhabu, lakini hayataji kosa. Kosa limo katika HO 27, ambayo ni madaftari ya wahalifu ya kila mwaka kwa kila kaunti, tangu 1805. Watu wengi husoma moja tu kati ya hayo mawili na kudhani wamemaliza. Kumbukumbu za mahakama za kaunti ya Warwickshire zilizonusurika zimo katika makavazi ya kaunti mjini Warwick kwenyewe, na kama alihukumiwa na jaji wa mzunguko, basi utarudi Kew.

Lakini kama ningekuwa na nafasi ya kufungua kabrasha moja tu, ningefungua HO 18, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu ya kati ya 1839 na 1854. Humo kuna barua za wake, za mapadri wa vijiji, za matajiri waliowaajiri, hata za walioibiwa wenyewe, wakiomba mtu fulani asipelekwe ng'ambo. Si kila mfungwa aliombewa. Aliyeombewa, utamjua kuliko alivyojulikana na wajukuu zake.

Asiyefukua

Samahani kama nitakwenda kinyume na wenzangu. Aliyekata mstari ule wa Biblia alikuwa na sababu, na pengine alikuwa mtoto wa huyo huyo babu, ambaye aliishi katika mji mdogo ambako kila mtu alijua nani ametoka wapi. Aliamua kwamba jambo hilo liishie kwake. Sisi tunapata wapi haki ya kuliunga upya na kulisoma mbele ya watu?

Mtafiti_Perth

Swali lako si la kupuuzwa, ndugu. Aibu ile ilikuwa nzito kweli kweli, hata kisiwa kizima kilibadilisha jina mwaka 1856, miaka mitatu tu baada ya kuacha kupokea wafungwa, ili jina la zamani lifie mbali. Lakini kumbukumbu zenyewe hazikuwa siri ya ukoo. Zilikuwa mali ya serikali tangu siku zilipoandikwa, na tangu mwaka 2007 zimo katika orodha ya kumbukumbu za dunia ya UNESCO. Anayeweza kuamua kwa niaba ya ukoo huu ni mama mkwe wake dada yetu, naye ndiye aliyeomba.

BintiMkwe

Nashukuru nyote, pamoja na ndugu Asiyefukua, ambaye maneno yake nilimsomea mama mkwe kama yalivyo. Alifikiri kidogo, akasema kwamba anaamini mkasi ulishikwa na babu yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mikono ya unadhifu huo, na kwamba babu alimpenda sana na asingemkasirikia.

CON 14 ilikuwa na kila kitu. Jina la mke lipo, majina ya watoto yapo, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kijiji kimetajwa. Jina la mke linaanza na moja ya zile herufi mbili za mkononi. Herufi ya pili ni ya mtoto wa kike. Katika sensa ya 1841 nimewakuta watatu katika nyumba ya wazee wawili ambao bila shaka ni wazazi wa mke, ingawa karani hakuandika uhusiano, kama Mzee alivyotahadharisha. Katika sensa ya 1851 wazee hawapo tena. Mama yupo na binti, wanakaa peke yao katika kijiji kile kile, kazi yake ni kufua nguo, na kwenye safu ya hali ya ndoa karani ameandika kwamba ameolewa. Hakuandika mjane. Wakati huo huku Launceston mtoto wa kwanza wa ndoa ya pili alikuwa ameshazaliwa. Mvulana wa Warwickshire sijamwona bado, na HO 18 ndiyo ninayoifungua kesho.

Mama mkwe ameagiza nitafute karatasi nene isiyogeuka njano. Anataka kuibandika juu ya lile tundu na kuuandika mstari upya kwa mkono wake, ukiwa na jina la babu, mwaka 1842, meli, na jina la mwanamke wa kwanza kabla ya la pili.